Huyo Mtoto wa Dawati la Nyuma

Wadogo zangu walimu, hasa mliopangiwa madarasa ya chini, swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: "Dada, nina mtoto haelewi kitu kabisa. Nimfanyeje?" Nami hurudisha swali. Haelewi, au haoni ubaoni? Haelewi, au hajasikia ulichosema? Amesikia la kwanza, la pili na la tatu yakampotea? Anajua jibu ila mkono ndio unaogoma kuandika? Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kumtazama huyo mtoto vya kutosha.

Simlaumu mtu. Darasa lina watoto tisini, madaftari yamejaa mezani, mwalimu mkuu anataka kuona maandalio ya somo, na wewe mwenyewe hata chai hujanywa. Lakini nakuomba uibe dakika kumi kila siku, kwa wiki moja, umtazame mtoto mmoja tu. Chukua daftari dogo. Usiandike "mzito". Usiandike "mtundu". Andika alichofanya: "Nilipowaambia watoe vitabu vya hisabati, alimtazama jirani kwanza, ndipo akatoa chake." Sentensi ya namna hiyo utaweza kuifanyia kazi. "Mzito" huwezi kuifanyia chochote.

Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya mwalimu wa elimu maalumu. Walimu hao wapo, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinawaandaa, na Dar es Salaam kuna Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ambako wasioona na wanaoona husoma pamoja. Ila mtoto wako wa Darasa la Pili huko uliko hatafika Uhuru Mchanganyiko, na mwalimu wa Patandi hajapangiwa shule yako. Uliyepo ni wewe. Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida, kwa hiyo usimchukulie kama mgeni aliyepokewa kwa huruma. Na wengi ninaowazungumzia leo hawana hata hiyo fimbo nyeupe wala magongo ya kuwatambulisha. Wamekaa tu, wametulia nyuma, wananakili.

Masikio na macho kwanza, kabla hujafikiria lolote kuhusu akili. Yule anayemtazama jirani kabla ya kutenda huenda hasikii vizuri. Wachezeshe darasa zima mchezo wa "Mwalimu amesema", lakini wawe wamefumba macho: mwalimu amesema shikeni kichwa, mwalimu amesema shikeni goti. Aliyekuwa akiiga wenzake atakosa wa kumwiga. Baadaye mwite pembeni, simama nyuma yake kwa umbali wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole, umnong'oneze maneno mawili matatu, naye akuambie umesema nini. Kisha sikio la pili. Hicho si kipimo cha daktari, lakini akishindwa mara kwa mara una sababu ya kumpeleka kwa daktari. Na sikio linalotoa usaha, tafadhali, lisichukuliwe kuwa ni jambo la kawaida la watoto. Likiachwa linapunguza usikivu, nalo linatibika. Si la kutiwa mafuta ya moto, wala kijiti cha kiberiti, wala unyoya wa kuku. Kituo cha afya.

Macho nayo yana dalili zake. Mtoto ananakili vizuri kutoka daftari la mwenzake ila ubaoni anaandika vurugu. Anakunja uso, anainamisha kichwa upande mmoja, anasogea mbele bila ruhusa, mchana analalamika kichwa. Msogeze dawati la kwanza kwa siku mbili, uone kama kazi yake inabadilika. Ikibadilika, wasiwasi wako uhamishe kutoka kwenye akili uupeleke kwenye miwani. (Na wakati mwingine mgonjwa ni ubao wenyewe. Kuna mbao zilizopauka mpaka zinang'aa, chaki haishiki, na kutoka nyuma hata mimi sioni kitu. Kopo moja la rangi nyeusi limewahi kuwafaulisha watoto wengi kuliko semina.)

Mtoto mwenye ualbino yuko kwenye kundi hili hili. Karibu kila mara ana uoni hafifu, na miwani ya kawaida haiumalizi wote. Mpe nafasi mbele, mbali na dirisha linalompiga mwanga usoni, mwache avae kofia hata darasani, mwache ausogelee ubao kadiri anavyotaka au asome kutoka daftari lako la maandalio. Nukta nundu ni za asiyeona. Huyu anaona, anachohitaji ni maandishi makubwa na mwalimu asiyemkemea akinyanyuka.

Sasa tuseme anasikia, anaona, anacheza rede na kuhesabu chenji ya dukani bila kukosea, ila kusoma hakumwingii. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Kiswahili kina bahati: herufi inasomeka kwa namna ile ile karibu kila mahali. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na akili wala uvivu, anaweza kujikongoja na Kiswahili mpaka akaonekana anajua. Dalili yake mara nyingi ni kuchelewa kuliko kukosea. Anasoma sahihi lakini silabi moja moja, na akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Wengine huimba kitabu: wamekikariri kwa kuwasikiliza wenzao, ukiwaambia wasome ukurasa wanaujua wote. Ukitaka kumjua anayeimba, funika picha kwa mkono, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, umwambie asome hilo peke yake.

Halafu anakwenda kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hayafuati sauti, na huyo aliyekuwa akijikongoja anaanguka kabisa. Watu wanasema amebadilika tabia, ameingia makundi. Hapana. Alikuwa hivyo hivyo tangu Darasa la Pili, ila hakuna aliyemsikiliza akisoma peke yake.

Ukishamgundua, usimrudishe kwenye a, e, i, o, u kwa muhula mzima. Tafuta anakwama wapi. Wengi "mama anakata kuni" hawana shida nayo, wanakwama kwenye mba, nda, ng'o, mbwa, nywa. Andika silabi hizo kwenye vipande vya boksi, tano tu kwa wiki, na mpe muda mfupi kila siku badala ya saa nzima Ijumaa. Aziandike kwa kidole mchangani huku akizitamka kwa sauti, azifinyange kwa udongo, azipange kwa vizibo vya soda. Jicho, sikio na mkono vifanye kazi kwa pamoja, ndiyo siri ya mbinu zote za ghali utakazosikia zikitangazwa. Kwa maneno marefu, mfundishe kuyakata pale yanapounganika. "Hatutawatembelea" linamtisha mtu mzima. Likatwe ha-tu-ta-wa-tembelea, na kila kipande akipe maana yake: kukanusha, wanaotenda, wakati, wanaotendewa, tendo. Kwa mtoto wa Darasa la Tatu hiyo ni sarufi na kusoma kwa wakati mmoja. Mkatie pia kadi ya manila yenye kidirisha cha upana wa mstari mmoja, aitembeze juu ya ukurasa ili mistari mingine isimvuruge.

Na usimsimamishe mbele ya darasa asome kwa sauti bila kumwandaa. Mwambie jana yake, "Kesho utasoma aya hii," aende akaifanyie mazoezi nyumbani na dada yake. Kesho akisimama atasoma, na wenzake watamsikia akisoma. Hilo halikugharimu kitu.

Katika hesabu, mwachie vizibo na vijiti vyake hata akiwa Darasa la Nne. Afunge vijiti kumi kumi kwa uzi, ashike makumi mkononi kabla hujamwambia "chukua moja kwa jirani". Watoto wengi wamekariri maneno hayo ya kuchukua kwa jirani bila kujua jirani mwenyewe ni nani.

Tuje kwa yule asiyetulia. Anatembea, anagonga dawati, ameanza zoezi na mara yuko dirishani. Mpe kazi inayomnyanyua: agawe madaftari, afute ubao, apeleke chaki darasa la jirani. Maelekezo mpe moja baada ya jingine, kwanza umwite jina, akutazame, ndipo useme. Zoezi la maswali kumi likate, mpe matano, akimaliza aje uone, umpe matano mengine. Na kumbuka kuna mwenzake ambaye hamsumbui mtu, mara nyingi msichana, amekaa kimya akiangalia mbele huku mawazo yapo kwingine kabisa. Huyo hatajwi kwenye kikao chochote cha walimu kwa sababu hajavunja kitu.

Mwenye usonji anasumbuliwa zaidi na mabadiliko na makelele. Mchoree ratiba ya siku kwa picha ndogo, ubandike karibu na kiti chake, na kiti kiwe kile kile. Kama leo kuna ukaguzi na ratiba imevurugika, mwambie asubuhi. Usimlazimishe akutazame machoni ndipo uamini kwamba anasikiliza. Na ongea naye kwa maneno ya moja kwa moja. Ukimwambia "shika adabu" anaweza kukuuliza kwa dhati kabisa aishike wapi, na darasa likacheka, na wewe ukadhani ni jeuri.

Kifafa nitakisema haraka kwa sababu hakina mjadala. Hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kumgusa. Akianguka, ondoa madawati yasimwumize, weka sweta chini ya kichwa, mlaze kwa ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimzuie kwa nguvu. Kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajapata fahamu, hospitali. Akiamka akiwa sawa, apumzike, kisha aendelee na shule. Kumrudisha nyumbani moja kwa moja kwa sababu ya kifafa ni ujinga wetu sisi watu wazima.

Mtaniuliza, "Dada, haya yote na watoto tisini?" Nakubali, hayawezekani yote kwa siku moja. Chagua lile linalowafaa wengi kwa mpigo. Maelekezo mafupi yanamsaidia asiyesikia vizuri, anayesahau na anayehangaika na lugha, na mwenye akili nyepesi hayamdhuru. Ubao wenye mwandiko mkubwa ni wa wote. Watoto kufanya kazi wawili wawili ni kwa wote, ila badilisha wawili hao. Nimeona msichana mmoja mwelewa akigeuzwa yaya wa mwenzake mwaka mzima, masomo yake yeye yakasimama.

Kitu kimoja kinaniudhi sana katika makundi: kuwapanga wanaochelewa pamoja, nyuma, na kuwapa jina zuri la kufunika. Simba, Twiga, Kobe. Mnadhani watoto hawajui kwa nini wao ni Kobe? Wapange kwa kazi ya siku hiyo. Leo wanaokwama kwenye mbwa na nywa wakae na wewe robo saa, kesho kundi livunjike.

Halafu kuna mdomo na kuna fimbo. "Zezeta", "bongo lala", "huyu kaja kukua tu": hayo ukiyasema mara moja darasani, watoto tisini wamepata ruhusa ya kuyasema mwaka mzima, uwanjani, njiani, kisimani. Fimbo ndiyo kabisa. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 1979 na marekebisho yake bado zinaviruhusu, lakini zinamhusu mkuu wa shule na makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kusoma "ng'ombe" si kosa la nidhamu. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kukosa silabi anavunja kanuni ile ile anayojificha nyuma yake, tena anamfundisha mtoto kuogopa kitabu.

Sasa mzazi. Hapa ndipo vijana wengi mnapoharibu, kwa nia njema. Umemtazama mtoto, umeona jambo, unamwita mama yake na kumwambia, "Mama Fulani, mwanao ana ulemavu wa kujifunza." Mama anaondoka na mtoto harudi. Ujue anatoka wapi huyo mama. Huenda amekwishaambiwa ukweni kwamba amezaa mkosi, amekwishapelekwa kwa mganga, amekwishaulizwa alikula nini wakati wa ujauzito. Wewe usiwe wa kumi kumhukumu. Mwamkie vizuri, mpe kiti, anza na anachokiweza mtoto, na kiwe cha kweli: "Mwanao ana kumbukumbu ya hadithi, ukimsimulia leo kesho anaisimulia yote." Kisha mwonyeshe kazi zenyewe. Kisha muulize yeye: nyumbani ukimwita akiwa amekupa mgongo, anaitika? Alianza lini kutamka? Ana mtu katika ukoo aliyepata shida ya kusoma? Mama anajua mengi kuliko daftari lako. Jina la tatizo waachie wanaopima. Wewe sema, "Nimeona hivi, naomba tumpeleke akapimwe masikio."

Na muite baba pia. Barua za shule haziandikwi kwa "Mama" peke yake.

Wa kupima ni nani? Hospitali ya wilaya kwa macho na masikio. Kwa kujifunza, muombe mwalimu mkuu akuunganishe na ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako. Mlioko Kenya mna vituo vya upimaji vya elimu vilivyoanza mwaka 1984, viulizeni kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Majibu yanaweza kuchelewa, tena sana. Usikae ukisubiri. Kadi ya silabi, dawati la mbele na maelekezo mafupi havihitaji cheti cha daktari.

Nanyi wazazi mnaosoma kona hii, neno langu kwenu ni fupi. Msimfiche. Mwambieni mwalimu mapema kwamba mtoto alichelewa kutembea, kwamba ana kifafa na dawa zake ni hizi, kwamba sikio la kushoto lilitoa usaha mwaka mzima. Mwalimu asiyejua hudhani ni kiburi. Mkienda shuleni, msiulize amekuwa wa ngapi, ulizeni anaweza nini mwezi huu alichokuwa hawezi mwezi uliopita. Na wale wenye watoto wasio na shida yoyote, mnaolalamika kwamba "hawa wanawachelewesha wenzao", mkumbuke kwamba maelekezo yaliyo wazi na mwandiko mkubwa wanavipata na wa kwenu.

La mwisho ni la kiutendaji, na wengi hulikumbuka likiwa limepita. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu kwa wasioona, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo hayaji yenyewe siku ya mtihani. Yanatokana na taarifa za mtoto zilizoingizwa shule inapomsajili. Kwa hiyo kama una mtoto wa namna hii na ana mtihani wa taifa mwakani, nenda kwa mwalimu mkuu wiki hii, kabla usajili haujafungwa, ukamtaje kwa jina.